Sajini aliyekalia makaratasi

Mhariri,

Mwandishi wenu wa makala ya wazee wa vita ametuambia kwamba jeshini hakuna dini wala kabila, maana risasi haichagui. Kweli, haichagui. Lakini nani apelekwe mbele ya risasi hiyo huamuliwa na mtu, na nani aandikwe shujaa huamuliwa na mtu pia.

Chukua habari za Tibor Rubin, Myahudi wa Hungaria aliyezaliwa 1929. Mei 1945 askari wa Marekani walimkuta hai katika kambi ya mateso ya Mauthausen, Austria, alikokaa miezi 14. Wazazi wake na dada yake mdogo waliangamia mikononi mwa Wanazi. Kijana akaweka nadhiri: akifika Marekani, atavaa sare ya wale waliomfungulia lango. Mwaka 1950 akaivaa, hata uraia hajapata, akapelekwa vitani Korea.

Huko alimkuta sajini wa kombania asiyewapenda Wayahudi, wala hakuficha. Wenzake wameeleza kuwa kila ilipotokea kazi ya hatari, aliyetumwa ni Rubin. Kombania iliporudi nyuma aliachwa peke yake kushika kilima, akakishika kwa saa 24. Wakubwa wake waliagiza apendekezwe kwa Nishani ya Heshima, na katika jeshi la Marekani hakuna nishani inayoizidi. Wa kuandaa makaratasi? Sajini yuleyule. Wakubwa wale wakauawa vitani, naye akayakalia. Sisi tuliowahi kufuatilia faili ofisini twajua linavyokaliwa.

Karibu na Unsan, baada ya wapigaji watatu wa bunduki ya rashasha kuanguka mmoja baada ya mwingine, Rubin aliishika yeye. Alijeruhiwa, Wachina, waliokuwa upande wa Korea Kaskazini, wakamteka. Walimwahidi kumrudisha kwao Hungaria, akakataa, akakaa kifungoni miezi 30. Usiku alinyemelea maghala ya adui akaiba chakula, akakigawa. Aliwatoa wagonjwa chawa, akawauguza kwa mbinu alizojifunza Mauthausen. (Shule gani hiyo, Mhariri!) Wanaohesabiwa kuwa waliokolewa naye wanafikia 40.

Hao ndio waliokuja kumsemea miongo kadhaa baadaye. Hawakuwa na karatasi, walikuwa na midomo. Mmoja aliapa kwamba sajini yule angekuwa radhi kuhatarisha maisha yake mwenyewe kuliko kumsaidia Myahudi kupata nishani hiyo. Rais George W. Bush alimvisha Rubin Septemba 2005, mzee ana miaka 76. Bunge lao nalo lilikuwa limeliagiza jeshi kupitia upya majalada ya askari Wayahudi na Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini), na mwaka 2014 wengine 24 walitunukiwa, wengi wao wakiwa kaburini.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema masimulizi ya wazee ni porojo mpaka yathibitishwe na nyaraka. Wazee husahau tarehe, huchanganya majina ya vijiji, huongeza chumvi kidogo. Nakubali. Lakini jalada la Rubin lilinyamaza kwa sababu aliyemchukia ndiye aliyeshika kalamu. Ungelisoma miaka hamsini usingeona kitu.

Makala yenu ilimhoji mzee wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, ambaye sasa anakaribia miaka mia. Jeshi lile lililipa kwa rangi ya ngozi, na hilo mwandishi hakuligusa hata kidogo. Aliuliza habari za medali, akapiga picha, akaondoka. Naomba arudi kwa mzee huyo upesi, na kinasa sauti, amuulize sajini wake alikuwa nani, na ni nani hasa aliyekuwa akitumwa mbele.

Msomaji wenu,
Tanga