Msizipe falme za kale nambari moja

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na vijana wanaocheza mchezo wa vita wa mezani hapa Lamu, hasa wale wanaojikatia kete na kujiandikia kadi za falme. Malalamiko barazani ni yale yale: aliyeshika Makedonia hashindiki, na aliyeangukiwa na Kushi huinuka mapema. Falme hazina kosa. Kadi ndizo mbovu, kwa sababu kila ufalme umeandikiwa nambari moja ya nguvu, kama jeshi ni gunia la mchele la kuwekwa kwenye mizani.

Kila kete iwe na nambari nne: mbele, ubavu, mbali na ngao. Kila upande uwe na kete 12. Zikigusana, kila mchezaji arushe dadu moja na kujumlisha na nambari yake. Aliyezidiwa arudi nyuma hatua moja, na aliyezidiwa maradufu aondolewe mezani. Kwa mishale, nambari ya mbali ya mpigaji ishindane na ngao ya anayepigwa.

Tuanze na hiyo Makedonia. Sarisa, mkuki wao, ulifika mita 5 hadi 6 na ulishikwa kwa mikono miwili. Kikosi cha watu 256 kilijipanga 16 kwa 16, na ncha za safu tano za kwanza zilitokeza zote mbele. Anayeijia falanksi, yaani safu hiyo nene ya mikuki, uso kwa uso anakutana na ukuta wa ncha, basi ipewe 6 mbele bila choyo. Lakini wenye mikuki ya namna hiyo hawageuki upesi, na safu ikipinda tu panaingilika. Ubavu iwe 1, ngao 3, na kwenye mawe au kilima ipunguziwe 3 kila upande. Hatulitungi hili kuwaonea wachezaji wa Makedonia. Huko Cynoscephalae mwaka 197 KK, vikosi ishirini vidogo vya Warumi vilijitenga na safu yao vikaipiga falanksi kwa nyuma, na ikavunjika. Huko Pydna mwaka 168 KK falanksi ilisonga mpaka ikafika ardhi isiyo sawa, nafasi zikafunguka kati ya vikosi, na Warumi wakaingia humo na panga zao fupi. Meza isiyo na kilima hata kimoja ndiyo inayoifanya Makedonia isishindwe.

Kushi ndiyo inayoonewa kuliko zote. Wamisri waliiita nchi ya Wanubi Ta-Seti, yaani Nchi ya Upinde, na katika karne ya 8 KK mfalme Piye alishuka na Mto Nile akaitiisha Misri. Wapiga mishale wake wapewe 4 kwa mbali, hadi sentimita 20, na 1 tu mbele. Kosa la wachezaji ni kuwapanga mstari wa kwanza na kuwaacha hapo wakanyagwe. Wapige mara mbili, kisha wapenyezwe nyuma kupitia nafasi zilizoachwa kati ya kete za mikuki. Tena Kushi isinyimwe farasi wazuri. Katika jiwe lake la ushindi, Piye anamkaripia mtawala wa Hermopolis kwa kuwaacha farasi wake na njaa wakati mji umezingirwa. Mfalme wa namna hiyo hakuwa na farasi wa mapambo.

Parthia, ufalme wa Uajemi ya kale, nayo huharibiwa kwa kupewa mishale isiyokwisha. Mwaka 53 KK, huko Carrhae, Surena, jemadari wa Parthia, alikuwa na wapanda farasi wapatao 10,000 dhidi ya legioni (vikosi vikubwa vya Warumi) saba hivi za jemadari Crassus. Warumi walijifunika ngao wakingoja mapodo yamalizike. Hayakumalizika, maana nyuma kulikuwa na ngamia waliobeba mishale. Basi kila kete ya farasi wa upinde ianze na punje tatu za kunde, moja kwa kila mpigo. Ikirudi na kugusa kete ya ngamia, ijaziwe tatu nyingine. Hapo mpinzani ana la kufanya: awatafute ngamia.

Ndovu wana hadithi yao. Huko Raphia mwaka 217 KK, Ptolemaio wa Nne, mfalme wa Misri, alileta ndovu 73 wa Afrika dhidi ya 102 wa Kihindi wa Antioko wa Tatu, mfalme wa Siria. Wengi wa Ptolemaio waliwakimbia wale wa Kihindi wakarudi juu ya watu wake wenyewe, na bado alishinda siku hiyo kwa askari wa miguu. Huko Zama mwaka 202 KK, Scipio, jemadari wa Roma, aliacha njia kati ya vikosi vyake, na ndovu wengi wa Hannibal wa Karthago wakapita humo. Ndovu wapewe 5 wanaposhambulia. Wakishindwa, rusha dadu: 1 hadi 3 wanarudi moja kwa moja sentimita 15, wakikanyaga kete yoyote iliyo njiani. Usiwapange mbele ya mikuki yako.

Roma haihitaji nambari kubwa. Nguvu yake ilikuwa mistari mitatu ya kupokezana, basi iruhusiwe kubadilisha kete iliyochoka na ya nyuma bila kupoteza zamu. Farasi wawe wachache, kwani legioni ya watu 4,200 ilikuwa na 300 tu. Udhaifu huo wa farasi ndio Karthago iliyoushika huko Cannae mwaka 216 KK.

Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, ipewe bahari. Mfalme Kaleb alivuka Bahari ya Shamu na jeshi mpaka Yemeni katika karne ya 6, na kadi nyingi hazimpi hata jahazi moja. Ila kushuka pwani kuwe na dadu ya maji: 1 au 2 yamekupwa na vyombo vimekwama. Sisi wa Lamu hatuhitaji kuelezwa hilo. Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, waliokuja kutupiga walirudi mbio ufukweni wakakuta majahazi yamekaa mchangani.

Kete zikatwe kwa plaiwudi ya milimita 3, upana sentimita 4, zipakwe vanishi pande zote mbili. Kadibodi hujikunja kwa unyevu wa pwani, na kete iliyojikunja haikai bega kwa bega na mwenziwe, kisha watu hugombana kama ubavu uko wazi au la.

Anayetaka kujaribu aanze na Roma dhidi ya Parthia kwenye meza tupu ya sentimita 120 kwa 80, kisha arudie akiwa ameweka vilima viwili katikati na kuwahesabia Waparthi kunde zao.

Wachezaji wa Langoni,
Lamu