Mgombea akihama dini, mpiga kura hutazama wakati

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie suala linalojadiliwa kwa hisia kubwa katika baraza za hapa Wete, nalo ni iwapo mwanasiasa anayebadili dini, au anayebadili msimamo wake ndani ya dini, hujiongezea kura au hujipunguzia. Rai yangu ni kwamba kinachopimwa na wapiga kura wengi ni wakati aliouchagua kuhama na kile alichokuwa akikitafuta siku hiyo, kuliko dini au kundi lenyewe aliloingia.

Kwetu Visiwani, ambako takriban watu wote ni Waislamu, ni nadra kumuona mgombea akitoka dini moja kwenda nyengine. Tunachokiona sisi ni mtu kuhama kundi ndani ya dini hiyo hiyo. Katika shehia yetu yuko mtu ambaye kwa miaka mingi hakuhudhuria maulidi, akisema waziwazi kuwa ni bidaa, yaani jambo lililozuliwa katika dini, na katika sala ya alfajiri hakunyanyua mikono imamu alipoleta dua ya kunuti. Sikumlaumu kwa hayo, kwani ni rai ambayo wanazuoni wana hoja zake, na vijana kadhaa wa mtaani walimheshimu kwa kuishikilia hata pale wazee walipomnunia. Mwaka aliochukua fomu ya chama chake kuomba kugombea, alikuja kwenye maulidi ya msikiti wetu amevaa kanzu mpya na kofia ya mkono, akakaa karibu kabisa na wasomaji, na ilipofika kiyamu, pale watu wanaposimama kumswalia Mtume, akasimama pamoja nasi, marashi yakamwagwa mikononi mwake naye akajipaka usoni. Baada ya halua na kahawa akapewa kipaza sauti, na mchango wake ukatangazwa mara mbili.

Nilikuwa safu ya pili nyuma yake na nilimuona vizuri. Alikuwa hajui maneno ya kumswalia Mtume yanayosomwa katika kisimamo kile. Midomo yake ilikuwa ikichelewa nyuma ya watu. Jambo hilo dogo ndilo lililozungumzwa barazani kwa wiki nzima. Wazee wengi walisema kuwa Mwenyezi Mungu humuongoa amtakaye na kwamba si haki kuupekua moyo wa mtu. Vijana waliokuwa wakimheshimu ndio waliovunjika moyo, na mmoja wao, mvuvi, aliniuliza: “Mwalimu, kama hili ameliacha kwa ajili ya fomu, ahadi ya gati ataiacha kwa ajili ya nini?” Sikuwa na jibu la kumpa, na hadi leo sina. Wale wa zamani aliwapoteza, na hawa wapya walimkaribisha kwa adabu bila ya kumwamini.

Nimejaribu kulitazama jambo hili kwa mifano ya nchi nyengine, na ulio wazi zaidi kwangu ni wa Mathieu Kérékou wa Benin. Alitwaa madaraka kwa mapinduzi mwaka 1972, akaiongoza nchi kwa siasa ya Kimaksi, na mwaka 1980 akiwa Libya akasilimu na kuchukua jina la Ahmed, ambapo watu wengi waliona kuwa alitaka kumridhisha Muammar Gaddafi. Wakati huo hapakuwa na mpiga kura wa kumuuliza, kwa sababu chama kilikuwa kimoja tu, kama ambavyo Albert-Bernard Bongo wa Gabon hakuwa na wa kumuuliza aliposilimu mwaka 1973 na baadaye kujulikana duniani kwa jina la Omar. Hali ya Benin ilibadilika mwaka 1991, pale Kérékou alipolazimika kusimama mbele ya wananchi, akashindwa na Nicéphore Soglo, akakubali matokeo na kuondoka.

Aliporudi kugombea mwaka 1996 alikuwa Mkristo mlokole, na safari hii akashinda. Ni rahisi kusema kuwa wokovu ndio uliomrudisha Ikulu, lakini miaka miwili kabla yake, Januari 1994, thamani ya faranga ya CFA, sarafu ya Benin, ilikuwa imepunguzwa kwa nusu na maisha yakawa magumu chini ya mpinzani wake, na watu wa kaskazini alikozaliwa walikuwa bado upande wake. Mimi naona kuwa dini yake mpya ilichangia kidogo tu katika ushindi ule. Uzito wake ulionekana siku ya kuapishwa, alipoyaruka maneno ya kiapo yanayotaja mizimu ya wahenga, naye akiongoza nchi ambayo Vodun ni dini ya watu wengi na haifichwi. Mahakama ya Katiba ilimtaka aape upya kwa maneno kamili, naye akaapa. Ningependa msomaji aizingatie siku hiyo, kwa sababu katika mabadiliko yake yote hiyo ndiyo mara niliyoona imani ikimgharimu kitu mbele ya watu badala ya kumletea kitu.

Kipimo hicho cha gharama ndicho ninachokitumia pia kwa Carlos Menem wa Argentina, mtoto wa wahamiaji Waislamu kutoka Syria, ambaye aliingia Ukatoliki katika nchi ambayo katiba yake, hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1994, ilimtaka rais awe Mkatoliki. Alichaguliwa mwaka 1989 na tena 1995, kwa hiyo uhamaji wake haukumzuia kupata kura. Lakini kila aliyemjua alijua pia kuwa mlango ule usingefunguka bila ya hatua ile. Tony Blair wa Uingereza alifanya kinyume chake, kwani aliingia Kanisa Katoliki Disemba 2007, miezi michache baada ya kuacha uwaziri mkuu, siku ambazo hakuwa tena na kura ya kuomba. Wako wanaosema aliwaogopa wapiga kura wake, na huenda ni kweli. Hata hivyo, hakuna anayeweza kusema kuwa aliitumia sala yake kuombea kiti.

Sisemi haya ili kumfungia mtu mlango wa dhamiri yake. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa kuchagua dini na uhuru wa kuibadilisha, na mwanasiasa ni mtu kama watu wengine. Anaweza kusoma, akashawishika, akaacha msimamo wa ujana wake, na hilo likatokea hata katika mwaka wa uchaguzi. Ndiyo maana siafiki tabia ya baadhi yetu ya kuwaita watu wa aina hiyo wanafiki. Unafiki ni jambo la moyoni na sisi hatuna mizani yake. Tunachoweza kukihesabu ni miezi kati ya mtu kubadilika na mtu kuchukua fomu, na kama baada ya uchaguzi aliendelea kuonekana pale alipoonekana wakati wa kampeni. Yule wa shehia yetu hajaonekana tena katika maulidi yetu, na nimeambiwa kuwa hata kule alikokuwa akisali zamani hakurudi.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama kusajiliwa kwa misingi ya dini, na tumeishi nayo vizuri. Haiwezi, wala haipaswi, kumkataza mtu kuvaa kanzu au kusimama katika kiyamu. Sehemu iliyobaki ni yetu sisi wa misikitini, khasa maimamu na kamati zetu, ambao tumekuwa tukimpa mgeni heshima asiyoistahiki kwa sababu tu ameleta mabusati au mchango wa tangi la maji. Kamati ya msikiti wetu imekubaliana kuwa mgombea atakayehudhuria maulidi ya mwaka huu atakaribishwa, atakaa popote atakapopata nafasi, atapata halua na kahawa yake kama wengine; kipaza sauti hatapewa, na alicholeta hakitatangazwa.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba