Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: usituite wazembe wa kura

Mheshimiwa Mbunge,

Yah: Kipeperushi chako kuhusu watu wasiojitokeza kupiga kura

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe pamoja na familia yako na wasaidizi wako, hususan yule anayejibu barua pepe zangu kwa maneno yaleyale kila mara, kwamba Mheshimiwa ameupokea ujumbe na anauthamini sana. Nimekwisha kukuandikia mara tano kwa faragha. Hii ya sita naiandika hadharani, tena kwa Kiswahili, kwa sababu wapiga kura wako hapa Uingereza tunaoisoma lugha hii ni wengi kuliko unavyodhani, na kwa sababu ofisi yako imepata kunihakikishia kwamba barua za lugha zote hupokelewa.

Kilichonimaliza subira ni kipeperushi kilichosukumwa chini ya mlango wangu Jumamosi iliyopita. Ndani yake unasikitika kwamba wakazi wengi wa kata yetu hawapigi kura, na unatuasa tuache uzembe. Nilikisoma nikiwa nimesimama, nimetoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, sare sijaivua, kisha nikakisoma tena nikidhani labda Kiingereza changu kimenichezea. Hakikunichezea.

Naomba basi nikueleze, kwa heshima zote, namna nyumba yangu ilivyofanya uzembe siku ya uchaguzi mkuu, Alhamisi tarehe 4 Julai 2024. Kwa kuwa nilikuwa na zamu za saa kumi na mbili mfululizo na safari ya mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, niliomba mapema kupiga kura kwa posta. Karatasi haikufika. Nilipiga simu nikaambiwa nisubiri, nami nikasubiri. Na aliyeandikishwa kupiga kura kwa posta hapewi karatasi nyingine kituoni. Ilifika siku mbili baada ya matokeo kutangazwa, nayo ipo mpaka leo kwenye droo ya jikoni pamoja na bahasha yake. Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 19 na hiyo ikiwa kura yake ya kwanza, alikwenda kituoni na kitambulisho cha chuo chenye picha yake, akarudishwa. Bibi jirani yetu aliyeongozana naye alionyesha kadi yake ya basi ya wazee, akakaribishwa ndani. Ndivyo ilivyoamuliwa chini ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2022: kadi ya basi ya mzee inamtambulisha mtu, kadi ya chuo ya kijana haimtambulishi. Pasi yake ilikuwa imetumwa kuhuishwa, na kuhusu kile cheti cha bure cha mpiga kura, kinachotumika badala ya kitambulisho, alisikia siku ileile, muda wa kukiomba ukiwa umeshapita. Katika hesabu zako, sisi ni wazembe wawili.

Tulikuwa na wenzetu wengi. Nchi nzima waliopiga kura mwaka ule walikuwa asilimia 59.7 ya walioandikishwa, kiwango cha chini kuliko cha uchaguzi mkuu wowote tangu ule wa mwaka 2001. Mwaka 1950 walikuwa karibu asilimia 84. Ningependa kujua, Mheshimiwa, wajukuu wa watu waliojipanga foleni mwaka 1950 wameurithi uvivu kutoka kwa nani.

Mimi si msomi wa siasa. Lakini nimeishi katika jengo hili la ghorofa tangu mwaka 2003, na ninayoyasikia kwenye ngazi ni haya: kura yangu itabadili nini? Jimbo letu limekuwa la chama chako tangu kabla sijaja. Anayekupenda anajua utapita bila yeye, asiyekupenda anajua utapita licha ya yeye, na wote wawili wanabaki nyumbani kuangalia mpira. Wapo waliochoshwa na bei ya gesi na kodi ya pango, na wapo wanaosema wanasiasa wote ni walewale. Hata hivyo naamini kisa kikubwa ni huu mfumo wenu wa kumpa kiti yeyote aliyewazidi wenzake, hata kwa kura moja, na kura nyingine zote zikawa zimekwenda bure.

Tazama hesabu za chama chako mwenyewe. Mwaka 2017 Labour mlipata asilimia 40 ya kura, karibu milioni 12.9, mkapewa viti 262 na kubaki upinzani. Mwaka 2024 mlipata asilimia 33.7, kama milioni 9.7, mkapewa viti 411 kati ya 650. Yaani mlipopendwa zaidi mlishindwa, na mlipopendwa kidogo mkakabidhiwa nchi. Mwaka huohuo Reform UK, chama kinachopinga uhamiaji, walipata kura zaidi ya milioni 4 na viti 5, ilhali chama cha Liberal Democrats, kwa kura kama milioni 3.5, walipata viti 72. Reform sina mapenzi nao, wala sidhani kama wao wana mapenzi na watu kama mimi, lakini mizani mbovu ni mbovu hata inapompunja mtu nisiyempenda. Huko jimbo la South West Norfolk, ambako wengi tulishangilia kuanguka kwa Liz Truss, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, aliyemwangusha alipata asilimia 26.7 tu ya kura. Na Mei 2025, umeya wa West of England ulichukuliwa na mgombea wenu kwa asilimia 25, katika uchaguzi ambao waliojitokeza walikuwa asilimia 30. Katika kila watu mia walioandikishwa, waliomchagua hawafiki wanane.

Sasa nije kwenye ahadi. Juni 2024 ulisimama mlangoni kwangu, ua jekundu la kitambaa kifuani, nami nikakuuliza msimamo wako kuhusu uwakilishi wa uwiano, kila chama kipate viti kwa kadiri ya kura zake. Ulinijibu kwamba uko nami, na kwamba mkutano mkuu wa chama chako uliofanyika Liverpool mwaka 2022 ulishapitisha azimio la kuuunga mkono. Hukuniambia kwamba ilani yenu haikuligusa jambo hilo. Nilikushukuru, hata chai nilikukaribisha ukasema una milango mingi.

Tarehe 3 Desemba 2024 Bunge lilipiga kura juu ya pendekezo la kuwasilisha muswada wa uwakilishi wa uwiano. Waliokubali walikuwa 138, waliokataa 136. Nililitafuta jina lako kwa waliokubali, halikuwamo. Nikalitafuta kwa waliokataa, napo halikuwamo. Muswada wenyewe haukufika popote, lakini sikukuomba uushindishe, niliomba uwepo. Nawe unatuandikia sisi kuhusu kujitokeza kupiga kura!

Katika jibu lako moja lililokuwa na kitu ndani, ulisema wananchi waliukataa mfumo mpya katika kura ya maoni ya mwaka 2011. Kweli waliukataa, lakini waliulizwa juu ya kupanga wagombea kwa namba, jambo ambalo si uwiano, na waliokwenda kuulizwa walikuwa asilimia 42. Scotland wanapigia Bunge lao kura kwa mfumo wenye uwiano tangu mwaka 1999, na madiwani wao tangu 2007, wala nchi haijazama baharini.

Nakiri kwamba Julai 2025 serikali yenu ilitangaza nia ya kuwapa kura vijana wa miaka 16 na kukubali kadi za benki vituoni. Nashukuru, ingawa binti yangu hawezi kurudishiwa siku yake. (Na jirani yangu Mkongomani, anayelipa kodi ya halmashauri kama mimi, ataendelea kukosa kura ambayo mimi Mtanzania ninayo kwa sababu tu nchi yangu imo katika Jumuiya ya Madola. Hilo nitakuandikia siku nyingine.) Lakini kijana huyo wa miaka 16 mtampa karatasi ya kazi gani katika jimbo ambalo mshindi anajulikana?

Au niseme, alikuwa akijulikana. Jimbo la Runcorn and Helsby mlishinda mwaka 2024 kwa tofauti ya kura zaidi ya 14,000. Mei 2025, katika uchaguzi mdogo, Reform walikichukua kiti hicho kwa tofauti ya kura 6. Ngazi iliyowapandisha ninyi kwa theluthi moja ya kura inaweza kumpandisha mwingine kwa theluthi hiyohiyo, na siku hiyo mtatutafuta sisi wazembe wa kwenye ghorofa.

Nilikuwa na madai manne nilipoanza kuandika. Nimebaki na moja. Suala hili likirudi tena Bungeni, ingia ukumbini upige kura yako, ya ndiyo au ya hapana, jina lako lionekane. Nami nitalitafuta.

Ukipenda kunijibu ana kwa ana, mlango ni uleule. Kengele bado mbovu kama ulivyoikuta, gonga.

Wako katika jimbo,
Mpiga kura ambaye karatasi yake iko kwenye droo