Ukichoka juu ya maji, tupa risasi, jaketi liache

Mwezi wa nane mgeni wetu mmoja kutoka Dar aliondoka hapa Nungwi amenuna kwa kuwa tulimdai jaketi alilolitupa baharini, na tangu siku ile maneno yake yamenifikia kwa watu wanne: eti sisi wa duka la kupiga mbizi tunathamini jaketi, lile la kujaza hewa linalomwelesha mpiga mbizi, kuliko roho ya mtu. Si wa kwanza kusema hivyo. Mwaka juzi kundi zima la ofisi moja lilitoka na kauli hiyohiyo. Kwa kuwa nami nina mdomo, nieleze.

Ilikuwa msimu wa upepo wa kusi, tena bamvu, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, upande wa nje wa kisiwa cha Mnemba. Mgeni na mwenzake waliibuka mapema kwa sababu hewa ya mgeni ilishuka hadi bar 50, robo ya mtungi uliojaa, na hapo walifanya sawasawa kama walivyoelekezwa. Nahodha alikuwa anafuata mapovu ya kundi la mbele, kama mita mia tatu kutoka pale. Mwenzake akajaza jaketi, akasimamisha boya, akalala chali akingoja. Huyu bwana akaona boti iko pale, kwa nini nisiiendee? Akaanza kuogelea kifudifudi, jaketi limevimba kifuani, mtungi mgongoni, mkondo unamrudisha. Ni sawa na kusukuma mkokoteni kwenye mchanga mkavu. Dakika kumi pumzi zimemwisha. Akavua jaketi, mtungi na regileta ya kupumulia, vyote pamoja, akaviachia.

Mkanda wa risasi, vile vipande vizito vya kumsaidia mtu kuzama, akabaki nao kiunoni.

Yaani kilichokuwa kinamwelesha alikitupa, na kilichokuwa kinamzamisha akakitunza. Mwenzake tulimfikia upesi, boya lile la rangi ya chungwa linaonekana mbali. Yeye aliokotwa na wavuvi wa ngalawa nusu saa baadaye, na kwa kinywa chake alisema alikuwa anawaona, wao hawamwoni. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ya kusi ni kama dafu lililoanguka majini, utalipita ubavuni usilione. Jaketi halikupatikana hadi leo.

Kosa hili nalielewa linakotoka. Ukiwa ufukweni, mtungi wetu una kilo 14 hivi, ongeza jaketi na risasi, mtu anatembea kama mchukuzi wa Forodhani. Kwa hiyo akichoka, akili inamwambia atue mzigo. Lakini majini hesabu inageuka. Mtungi wa aluminiamu wa lita 11 ukijazwa bar 200 unabeba hewa ya zaidi ya kilo mbili na nusu, maana hewa nayo ina uzito, na hapo unazama kidogo tu. Ukishaitumia hewa hiyo, mtungi wenyewe unataka kuelea. Mwisho wa safari, wakati ule ambao watu huchoka, mtungi mgongoni mwako ni boya la pili. Jaketi likijaa linabeba wewe, mtungi na vyote ulivyovaa. Kitu kimoja tu katika vifaa vile kilitengenezwa kizame, nacho ni risasi.

Kwa hiyo utaratibu wetu, ambao tunausema kila asubuhi wakati watu wanapigana selfi, ni huu. Ukiibuka na ukaona mambo hayaendi, jaza jaketi kwanza. Kama kitufe hakitoi hewa, puliza kwa mdomo. Bado huelei vizuri, au umechoka, au unaogopa tu? Shika bizimu ya mkanda kwa mkono wa kulia, fungua, unyooshe mkono mbali na mwili, achia. Kisha lala chali, miwani usoni, mapezi miguuni, upige miguu polepole kuukata mkondo kwa upande, usishindane nao uso kwa uso. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi unaongeza nguvu. Mwanadamu hana miguu ya kuushinda. Mwenye injini ni nahodha, mwache akufuate yeye.

Je, kuna siku ya kuvua vyote? Ipo. Jaketi limepasuka na halishiki hewa, na sasa linakuvuta chini. Umenasa kwenye wavu au jarife. Una mtungi wa chuma na jaketi halikubebi, maana ule wa chuma kwa kawaida hauelei hata ukiwa mtupu. Au unasukumwa juu ya mwamba penye mawimbi yanayovunjika, ambapo mtungi mgongoni unaweza kukuumiza kuliko mwamba wenyewe. Hata hapo risasi ndizo za kwanza, na kama jaketi zima lina hewa, ukilivua lishikilie mkononi kama ubao. Mapezi usiyaguse. Nimeona mtu anavua mapezi "ili aogelee vizuri" nikabaki mdomo wazi. Kwenye boti ni jambo jingine, pale unatukabidhi mkanda kwanza, kisha jaketi, ndipo unapanda, na mikono yetu ipo.

Sasa bei, maana huko ndiko kwenye kidonda.

Risasi ukizitupa hulipi. Hujawahi kulipa na hutalipa. Tunazimimina wenyewe nyuma ya duka, kama wavuvi wanavyomimina chubwi. Kuna mwalimu mmoja kutoka Tanga ambaye mpira wa jaketi lake ulianza kuvuja pale juu ya maji. Akaachia kilo sita bila kusita, akaelea kama kizibo, akatusubiri. Kwenye boti akaanza kulia kwamba ametupotezea mali. Nikamwambia mwalimu, wewe ndiye mteja bora wa mwezi. Na jaketi lile lilikuwa kosa letu, tukamrudishia pesa ya siku.

Jaketi na regileta ni hadithi nyingine. Seti moja, mpaka itoke nje, ilipiwe usafiri na ushuru, inapita milioni mbili. Kila jioni inasuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na maji baridi hapa Nungwi mara nyingi tunanunua boza. Regileta inafunguliwa na kufanyiwa huduma kila mwaka. Kijana wetu hukaa na kila jaketi usiku, analijaza na kulisikiliza sikioni kama anasikiliza saa. Mgeni wa mwezi wa nane tulimdai nusu ya bei, na nusu tukabeba sisi, kwa sababu vifaa vyake vilikuwa vizima na mwenzake mwenye vifaa vilevile alilala chali akapumzika.

Hata hivyo nakiri jambo moja, na mke wangu ndiye aliyenisukuma nilikiri. Mtu akijua atadaiwa, anaweza kung'ang'ania jaketi bovu mpaka limuue. Hilo sitaki liwe juu yangu. Kuanzia sasa jaketi likiwa na hitilafu, au ulikuwa mwambani, au umenasa, deni hakuna, na neno lako linatosha. Tunachodai ni kile kilichotupwa kikiwa kizima kwa sababu mtu hakusikiliza maelezo.

Lakini wanaonipa usingizi mbaya zaidi ni wale wa njia ya mkato. Wanakuja kukodi mitungi tu, "tuna boti yetu, tuna rafiki anajua". Boti yenyewe ya kuvulia, nahodha hajawahi kufuata mapovu, akichoka kungoja anatupa mshipi wake pembeni. Vijana watatu walifanya hivyo ili kuokoa elfu sitini. Mkanda wa risasi hawakutaka kukodi, wakafunga chubwi kwa kamba ya katani kiunoni, mafundo matatu, na mmoja akavaa jaketi juu yake. Fundo la katani likilowa halifunguki hata ukiwa umekaa kibarazani, sembuse kwenye mawimbi. Walikatwa kamba kwa kisu cha mvuvi. Mtungi mmoja ulizama, wakaulipa, na wakamlipa mvuvi. Hiyo elfu sitini iliwagharimu mara kumi.

Mkanda unavaliwa juu ya vyote, mwisho wake ukiwa huru. Hilo nalisema kila siku na kila siku yupo anayeuchomeka mwisho ule ndani ili apendeze kwenye picha.

Watu huniuliza kama naogopa papa. Ninachoogopa ni jaketi linaloelea peke yake. Mwezi Januari 1998 kule Australia, mume na mke wa Kimarekani waliachwa na boti kwenye miamba ya Great Barrier Reef, na hakuna aliyegundua mpaka siku mbili zimepita. Jaketi zao zilipatikana baadaye ufukweni. Wenyewe hawakupatikana. Kosa la kwanza lilikuwa la boti, kuhesabu watu vibaya, na ndiyo maana sisi tunahesabu kwa majina, mtu anaitika kwa sauti yake, hata mkicheka kwamba tumewarudisha darasa la pili.

Boya na filimbi zamani vilikuwa hiari, unaongeza elfu tano ukitaka, na wengi hawakutaka. Sasa vimo ndani ya bei, bei imepanda kwa elfu tano hizohizo, na asiyevichukua haingii botini. Anayeanza nampangia siku za maji mafu, mkondo unapokuwa mpole. Wiki ijayo ni maji mafu, yanajaa mnamo saa nne asubuhi, tunaondoka saa mbili. Njooni saa moja, kwa sababu maelezo yanachukua nusu saa na simu zinabaki kwenye kikapu.