Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: fimbo katika darasa la awali

Mheshimiwa Waziri,

Kichwa cha barua chahusika. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali mkoani Njombe. Mkoa wetu unasifika kwa viazi, mbao, parachichi na baridi, na unajulikana pia kwa jambo tusilopenda kulitaja mbele ya wageni: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima hapa wanaishi na VVU, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Basi katika darasa langu la watoto wa miaka mitano siwezi kukosa ambao nyumbani mama anameza dawa, au bibi ndiye mama na ndiye baba.

Mwaka juzi nilikuwa na mvulana aliyeng'ata wenzake. Akinyang'anywa penseli, anang'ata. Begi lake likiguswa, anang'ata. Kila asubuhi alilia getini ameshikilia kanga ya bibi yake, mpaka tukampachika jina la Kupe. Jina hilo nililianzisha mimi. Wenzangu walimchapa, nami nilimchapa mara mbili. Baada ya fimbo aliacha kung'ata, akaanza kujikojolea. Ofisini tukasema afadhali, amenyooka.

Bibi ndiye aliyenieleza, tumekaa nyuma ya jiko la shule. Mama wa mtoto alipelekwa hospitali alfajiri, mtoto bado amelala, na hakurudi tena. Tangu siku ile hataki mtu atoke machoni pake. Mwenyewe alishapimwa, hana virusi. Kwa hiyo hayumo kwenye daftari la CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, hana kadi, na hakuna anayemuuliza usiku analalaje.

Mheshimiwa, mtoto mwenye virusi akienda kliniki anapimwa uzito, anapewa vidonge, mlezi wake anaulizwa maswali. Tunashukuru, maana tunaokumbuka miaka ya kabla ya 2004, dawa za VVU zilipoanza kutolewa bure, tunajua tulivyokuwa tukizika. Lakini huyu aliyeachiwa msiba bila virusi anakuja moja kwa moja kwetu, na sisi tuna fimbo.

Siombi kliniki inipe majina. Siri ya mgonjwa ni yake, na huku kwetu siri ikiingia ofisi ya walimu, jioni iko gengeni. Sihitaji kujua nani anaumwa nini ili nimwone mtoto mwenye hofu. Ninachoomba ni waraka. Kanuni ya 2002 inaweka kikomo cha viboko vinne, tena vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Katika shule nilizopitia, fimbo iko mezani kwa kila mwalimu na hakuna anayehesabu. Ifuteni kabisa kwa awali na darasa la kwanza. Kisha ongeeni na wenzenu wa TAMISEMI, wanaosimamia mikoa na serikali za mitaa, ili afisa ustawi wa jamii afike shuleni walau mara moja kwa muhula, akae na walezi, hasa hawa mabibi.

Kwa yule mvulana, bibi alikubali kumwachia kanga yake. Ilikaa ndani ya begi hadi saa sita mchana, wakati wa kurudi nyumbani, na wiki ya pili aliingia darasani bila kushikwa mkono. Nilikuwa nimeshamchapa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa awali, Njombe