Barua kwa mwanangu Atu: umepiga *106# au bado?

Atu mwanangu,

Shikamoo uliyomtuma kaka yako imefika, marahaba. Na ile habari uliyomwambia asiniambie nayo imefika, maana yule hajawahi kukaa na neno tumboni hata siku mbili. Kwamba simu umeibiwa kwenye daladala la Mbagala, na laini umesharudisha kwa kijana wa mwavuli hapo hapo stendi. Simu sijali, simu inanunuliwa. Mi nimeshikwa na hicho kidole ulichoweka kwenye kimashine chake cha kusajili. Uliweka mara ngapi? Nimemuuliza kaka yako anasema sijui mama, mara moja au mbili au tatu. Hilo siyo jibu. We ni mhasibu, bosi wako akikuuliza umeandika risiti ngapi leo unamjibu moja au mbili au tatu?

Kabla hujaendelea kusoma piga *106# ufuate maelezo, uangalie laini zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ile namba ya kitambulisho cha taifa, alafu uniandikie ni ngapi. Idadi tu. Usiniandikie "poa mama nitacheki".

Unajua kwanini nang'ang'ana. Hapana, hujui, maana sikukuambia. Ile elfu themanini niliyokuomba mwaka juzi nikasema ni ya mbolea, mbolea baba yako alishanunua. Ilikuwa nauli na mambo ya kituo cha polisi. Na ile siku niliyosema nimeshuka Mbeya kumwona shangazi yako nikazima simu kutwa nzima, kwa shangazi yako sikufika.

Ilianza na namba nisiyoijua, mtu anasema yeye ni askari, mi nikasema hawa ndo wale wale matapeli nikakata. Akapiga tena nikazima kabisa. Siku ya tatu akaja mtendaji mwenyewe mpaka mlangoni, baba yako yuko shambani. Nikaenda. Nimekaa kwenye benchi toka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, na kitenge changu cha kanisani. Askari akaniuliza kwa upole tu, mama una laini ngapi? Nikasema moja. Akaniambia hapa unazo nne.

Nne, Atu. Moja kati ya hizo ndo ilikuwa inatuma zile meseji za "ile hela nitumie kwenye namba hii". Kuna baba wa Songea alikuwa anasubiriwa atume ada ya mtoto, meseji ikaja saa hiyo hiyo, akatuma. Na jina lililotokea kwenye simu yake wakati anatuma ni langu, la ubatizo na la babu yako nyuma yake, lote kamili. Wezi hawatumii jina lao mwanangu, wanatafuta la mtu kama mimi.

Nilikaa kwenye lile benchi nikakumbuka nilipolipoteza hilo jina langu. Unajua mwaka ule wa kusajili kwa alama za vidole, mwisho ulikuwa Desemba 2019 alafu Rais Magufuli akaongeza siku 20 mpaka tarehe 20 Januari 2020, watu wote wa huku tukashuka Tukuyu na mvua. Nilikuwa nimetoka kuchuma chai asubuhi. We unavijua vidole vyangu msimu wa chai, ule utomvu unakauka unakuwa mweusi na ngozi ya dole gumba inapasuka pasuka, hata sabuni haitoi. Yule kijana alikuwa na adabu kweli. Akanishika mkono akafuta dole kwa pindo la shati lake, akabonyeza kwenye kile kimashine. Akasema haijasoma mama, vidole vya shamba hivi, weka tena. Nikaweka. Ikawaka taa akasema bado, weka tena. Mara nne nimeweka, na mwishoni nikamshukuru na kumwombea baraka nikampa na mia tano ya soda. Skrini alikuwa ameigeuzia upande wake muda wote. Sikuuliza, niliona aibu, watu nyuma wananung'unika foleni ni ndefu na mimi nawachelewesha na vidole vyangu.

Sasa we vidole vyako ni laini vya kushika kalamu. Mtu akikuambia haijasoma, weka tena, uwe na wasiwasi kuliko mimi. Mwambie geuza skrini nione imeandika nini. Akikataa ondoka, nenda kwenye duka lenyewe la mtandao wenu hata kama ni kupanga foleni lisaa. Na ukiona kwenye *106# kuna namba siyo yako, usikae nayo hata siku moja, beba kitambulisho uende dukani kwao waifute. Meseji za utapeli nazo usifute tu ukacheka, itume ile namba kwenda 15040 ndo inafanyiwa kazi. Na anayekupigia anasema ni huduma kwa wateja, angalia namba, wao wanapiga kwa 100, siyo kwa namba ya mtu.

Umepiga? Haya.

Na ile picha ya kitambulisho uliyotuma kwenye grupu la wanachuo wakati mnatafuta kazi, mdogo wako alinionyesha, nilikasirika sikusema. Zile tarakimu 20 za NIDA nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe yako ya kuzaliwa, mtu anasoma tu. Na namba yako ya siri ni nini? Ni mwaka wa kuzaliwa. Najua kwasababu simu yako ya kwanza niliiweka mimi, ndo namna nilivyokufundisha, na yangu ilikuwa hivyo hivyo. Badilisha leo. Usiniambie umeweka ipi.

Kuhusu ile meseji niliyopata mwezi wa tatu kwamba unadaiwa na app ya mkopo nikulipie, tutaongea ukija. Benki Kuu 2024 ilitaja majukwaa na app 69 zinazokopesha bila leseni, we mhasibu ulipitwaje na hiyo? Ukikwama niambie mimi, hata kama sina tutatafuta.

Baba yako anatembea anawaambia watu binti yangu anafunga mahesabu ya kampuni Dar, juzi kamwambia mpaka mnunuzi wa parachichi. Habari ya kituoni hajui mpaka leo, usimwambie. Parachichi msimu huu zimebeba vizuri ila ule mti wa nyuma ya choo umekauka upande mmoja. Bibi yako presha imeshuka, anagoma kunywa dawa, anasema akupigie umwambie wewe ndo atakunywa, kwahiyo mpigie jioni. Ng'ombe kazaa dume.

Nimekutumia mchele wa Kyela kilo kumi na ndizi kwa basi la kesho, kwenye mfuko nimeandika jina lako tu, namba sijaandika. Mzigo utaupokea mwenyewe na kitambulisho, usimtume mtu. Ndizi zitoe kwenye mfuko usiku huo huo, zikikaa humo zitaiva zote kwa pamoja. Na ukishapokea usinipigie kuniambia mzigo umefika, nitajua kwa konda. Nipigie uniambie ni laini ngapi.

Mama yako