Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Popo wa Pemba Wanahesabiwa na Vibarua

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya misitu na maliasili,

Assalamu alaikum.

Barua za kawaida nimeshaandika. Ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na habari yake ikaishia hapo. Hii naiandika hadharani, kwa adabu zote, na wenzangu wapate kuisoma.

Mimi ni binti wa Konde. Nimesomea baiolojia ya wanyamapori, na tangu nimalize chuo riziki yangu ni mikataba ya miradi: miezi sita hapa, mwaka pale, kisha narudi nyumbani kusubiri simu. Wazee wananiuliza, hasa mabibi zangu: "Mwanangu, umesoma kote huko uje uhesabu popo?" Najibu naam, bibi, na siioni kazi nyengine ninayoipenda kama hii.

Popo wetu huyu mkubwa, mla matunda, hana kwao duniani ila Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walionekana wachache mno, kwa sababu ya bunduki na kukatwa miti mikubwa wanayolala. Wanavijiji wakakubali kuwalinda wenyewe, Kidike ikiwa mfano unaojulikana zaidi, na kufikia 2011 makadirio yalikuwa yamepita 20,000. Mafanikio hayo tunayajua kwa sababu kuna watu walisimama chini ya miti wakahesabu.

Ngoja nikueleze kuhesabu kwenyewe, maana ofisini huonekana jambo dogo. Mchana popo wananing'inia kwa mamia, wanajipepea, wanagombana. Jua likianza kuzama wanatulia kidogo, kisha anatoka mmoja, mkubwa, mabawa karibu mita 1.6 ncha kwa ncha. Wanafuata watatu. Baadaye ni mkondo, na wewe kichwa umekiinua, kidole gumba kwenye kibonyezo cha kuhesabia, huruhusiwi kuzungumza wala kupangusa mbu usoni. Mwenzako yuko upande wa pili wa mti na pande zenu zisiingiliane. Mvua ikinyesha, hesabu ya usiku ule imekufa. Na saa yenyewe ndiyo Magharibi! Ramadhani tunasimama na tende mfukoni. Adhana ikilia unatia moja kinywani na mkono mwengine unaendelea kubonyeza. Kusali tunapokezana. Nikimaliza, giza limeshaingia, na msichana kurudi peke yake njia za mashamba si jambo la kwetu. Sheha wa shehia moja alikuwa akimtuma kijana wake anisindikize, Mungu amlipe. Hakuna mradi hata mmoja niliofanyia kazi uliokuwa na fungu la usafiri wa usiku.

Hayo nayavumilia. Ukiwa msitu wa Ngezi jioni ukamsikia bundi wa Pemba, naye hayupo popote pengine, uchovu wa wiki nzima unakutoka. (Jirani zangu wakimsikia bundi wanasoma dua. Nami nasoma, lakini naandika na saa aliyolia.)

Nisichokivumilia ni kukatika. Mradi mmoja ulipofungwa, darubini, kamera za mitego na daftari zetu za mkono zilitiwa masandukuni zikaondoka. Haikubaki nakala kisiwani. Baadaye ukaja mradi mwengine, ukaanza kutuuliza maswali yale yale tuliyokwisha kuyajibu. Mheshimiwa, mwaka ambao popo hawakuhesabiwa hauwezi kuhesabiwa tena. Ukitaka kujua kama wanaongezeka au wanapungua, huo ni mwaka uliopotea moja kwa moja.

Unguja nako kuna funzo. Kima punju wamekuwa nembo yetu, watalii wanawafuata msitu wa Jozani, lakini hesabu ya kisiwa kizima iliyochapishwa 2019 ndiyo iliyoonesha kuwa wako zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya makisio ya awali. Kima hawakuzaliana usiku mmoja. Ni sisi tulikuwa tunakisia. Na malalamiko ya wakulima kwamba kima wanawamalizia nazi yalipimwa pale pale Jozani: utafiti uliochapishwa 1999 ulikuta kwamba kima kula nazi changa hakukupunguza mavuno. Lakini mkulima mwenye hasira hasomi jarida la Uingereza. Anamtaka mtu wa kukaa naye barazani, anayerudi mwaka ujao na mwaka unaofuata.

Kuhusu chui wa Unguja sitasema mengi. Baada ya Mapinduzi walisakwa kama adui, na mpaka leo watu wanabishana kama yupo au hayupo.

Mwenzangu mmoja, hodari kuliko mimi kwa kutambua ndege kwa sauti, yuko mapokezi ya hoteli Nungwi. Simlaumu, ana watoto wawili na hoteli inalipa kila mwisho wa mwezi. Mabwana na mabibi misitu tulionao wanafanya kazi kubwa ya doria na vibali, ila kumwongezea mtu huyo huyo sensa ya wanyama juu ya doria ni kumdanganya yeye na kujidanganya sisi.

Ninachokiomba si kikubwa. Nafasi chache za kudumu, Ngezi na Jozani kwa kuanzia, ambazo kazi yake ya kwanza ni kuhesabu na kufuatilia wanyama, mwaka hadi mwaka, mradi uwepo usiwepo. Kila kibali cha utafiti kiwe na sharti: nakala ya takwimu ibaki idara ya misitu, na muhtasari wa Kiswahili ufike kwa sheha kabla mtafiti hajapanda boti. Na wale vijana wa vijijini wanaohesabu nasi walipwe posho yao kwa wakati, kwa sababu sisi tukiondoka wao ndio wanaobaki na popo.

Bajeti ya wizara yako itakaposomwa Baraza la Wawakilishi, nitakuwa nyumbani nasikiliza kifungu cha misitu kwa redio. Kama nafasi hizo hazimo, nakuomba sababu isemwe pale pale barazani, nasi tulio nje tujue kama tusubiri au tutafute kazi nyengine.

Wako,
Mtafiti wa wanyamapori asiye na mkataba kwa sasa,
Konde, Pemba